Kilomita za gari lililotumika: utajuaje kama namba ya kwenye dashibodi ni ya kweli?

Mwaka 2023 mwenzetu mmoja, fundi mitambo wa kituo chetu, alinunua Toyota IST kwenye yadi moja jijini Dar es Salaam. Lilikuwa gari la mwaka 2005, rangi ya fedha, viti safi, kiyoyozi kinapuliza baridi ya kutosha. Kilichomvuta zaidi ni namba aliyoiona kwenye dashibodi: kilomita 68,400. Kwa ajili ya namba hiyo alikubali kuongeza pesa juu ya bajeti aliyokuwa amepanga na mkewe, na sehemu ya pesa hiyo ilikuwa mkopo wa SACCOS.

Miezi mitatu baadaye gari likaanza kumisi. Akalipeleka kwa fundi wake wa siku zote, Tabata. Fundi alifungua plagi, akazigeuzageuza mkononi, kisha akauliza, "Bosi, hili gari lina kilomita ngapi?" Alipoambiwa hakujibu. Alifungua mlango wa dereva, akachuchumaa, akafuta vumbi kwa kitambaa kwenye nguzo ambapo mlango hufungia. Palikuwa na stika ndogo yenye maandishi ya Kijapani, imefifia, lakini namba yake ilisomeka vizuri: 112,500.

Stika hiyo ilibandikwa na gereji ya Japani kumkumbusha mwenye gari kwamba oili ibadilishwe tena gari litakapofika kilomita 112,500, au itakapofika Aprili 2019. Yaani miaka minne kabla ya kuuzwa Dar es Salaam, gari hilo lilikuwa tayari limetembea karibu mara moja na nusu ya namba iliyokuwa kwenye dashibodi yake.

Tangu tulipolizungumzia suala hili hewani, wasikilizaji wameendelea kutuuliza swali lile lile: kabla sijatoa pesa yangu, nitajuaje? Makala haya ni jibu letu kwa urefu zaidi ya ule ambao muda wa hewani unaruhusu.

Namba hushushwaje

Katika magari ya zamani, kilomita zilihesabiwa na vigurudumu vyenye tarakimu, vikizungushwa na waya uliotoka kwenye gia boksi. Mjanja alifungua dashibodi na kuvirudisha nyuma kwa mkono, na mara nyingi tarakimu zilibaki zimekaa upande upande kama meno yaliyopandana. Baadhi ya mita hizo zina tarakimu tano tu, hivyo gari likipita kilomita 99,999 linaanza upya kwenye sifuri bila mtu yeyote kuligusa. Ukikutana na Land Cruiser au Hilux ya zamani yenye kilomita 40,000, jiulize kwanza ni 40,000 za mzunguko wa ngapi.

Magari ya siku hizi huhifadhi kilomita kwenye kumbukumbu ya kielektroniki iliyo ndani ya mita yenyewe. Watu wengi walidhani teknolojia hiyo ingemaliza udanganyifu. Imeurahisisha. Mwenye mashine ndogo ya kuchomeka chini ya usukani, au ya kusoma kumbukumbu hiyo moja kwa moja, anaandika namba anayoitaka kwa dakika chache, na tarakimu zinakaa sawasawa bila kuacha alama. Kwa hiyo ushauri wa zamani wa kuangalia kama tarakimu zimepinda haukusaidii kwenye IST, Vitz, Harrier wala Premio.

Tatizo si la Afrika Mashariki peke yake. Nchini Marekani, mamlaka ya usalama barabarani, NHTSA, hukadiria kwamba zaidi ya magari 450,000 huuzwa kila mwaka yakiwa na kilomita za uongo, na wanunuzi hupoteza zaidi ya dola bilioni 1. Ujerumani iliufanya mchezo huo kuwa kosa la jinai mwaka 2005. Ubelgiji ilikwenda mbali zaidi: tangu mwaka 2006 gereji hutakiwa kutuma kilomita za gari kwenye kumbukumbu ya taifa kila zinapolihudumia, na muuzaji hutakiwa kumpa mnunuzi hati iitwayo Car-Pass yenye orodha ya namba hizo pamoja na tarehe zake.

Mfano huo wa Ubelgiji ndio wa kuuweka kichwani. Nguvu ya hati hiyo inatokana na mfululizo: namba nyingi, zilizoandikwa siku tofauti na watu tofauti, wengi wao wakiwa hawana faida yoyote ya kudanganya. Fundi aliyebandika stika ile ya 112,500 hakujua kama gari lingefika Tabata. Namba ya kwenye dashibodi ni moja tu, na anayekuonyesha ndiye anayetaka pesa yako.

Kwetu hakuna hati kama hiyo. Kadi ya gari ya Tanzania inataja jina la mmiliki, namba ya chesisi, injini, rangi na mwaka, kilomita hazimo. Cheti cha umiliki cha Kenya, ambacho wenzetu hukiita logibuku, nacho hakina. Kwa hiyo mnunuzi wa huku analazimika kuutengeneza mfululizo huo mwenyewe, kipande kwa kipande.

Karatasi za Japani

Magari mengi tunayonunua yametoka Japani, na hapo tuna bahati kuliko tunavyofikiri, kwa sababu Wajapani wanaandika. Gari jipya la kawaida nchini humo hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo unaitwa shaken, na tangu mwaka 2004 kilomita zinazosomwa siku ya ukaguzi huandikwa kwenye hati ya gari. Gari likifutwa kwenye usajili ili lisafirishwe nje ya nchi, hutolewa cheti maalumu cha kusafirishia, na mara nyingi chini yake, kwenye sehemu ya maelezo ya ziada, utakuta kilomita za ukaguzi wa mwisho.

Cheti hicho kinakuja na gari hadi bandarini na wakala wa forodha hukitumia kulitoa. Ukinunua kwenye yadi gari ambalo halijasajiliwa hapa nchini, muuzaji anacho, au ana nakala yake. Mwombe. Usikubali tafsiri ya Kiingereza peke yake, maana tafsiri imechapwa na mtu kwenye kompyuta yake na inaweza kuacha chochote. Omba karatasi ya Kijapani yenyewe, linganisha namba ya chesisi na ile iliyogongwa kwenye gari, kisha tafuta tarakimu zinazofuatwa na herufi km. Huhitaji kujua Kijapani kwa hilo.

Tarehe zake ndizo zitakazokuchanganya, kwa sababu Wajapani huhesabu miaka kwa utawala wa mfalme. Miaka ya Reiwa ilianza 2019, hivyo unajumlisha 2018: Reiwa 4 ni mwaka 2022. Kabla yake ilikuwa Heisei, ambayo unajumlisha 1988: Heisei 30 ni mwaka 2018. Tarehe huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Stika ya mwenzetu iliandikwa 31.4, na fundi wa Tabata, ambaye amezizoea, ndiye aliyetuambia kwamba hiyo ni Heisei 31, mwezi wa 4. Sisi tungesema ni tarehe 31 Aprili, siku ambayo haipo.

Kumbuka pia kwamba namba ya ukaguzi hupunguzwa hadi mamia, kwa hiyo 126,345 itaandikwa 126,300. Na gari huendelea kutembea baada ya kukaguliwa. Namba ya dashibodi kuwa kubwa kiasi kuliko ya cheti ni jambo la kawaida. Ikiwa ndogo kuliko ya cheti, usitafute maelezo mengine.

Karatasi ya pili ni ya mnada. Sehemu kubwa ya magari yaliyotumika Japani hupita kwenye minada ya wafanyabiashara, kama ile ya kampuni ya USS, ambako mkaguzi wa mnada hujaza fomu ya ukurasa mmoja: alama ya hali ya gari, mchoro unaoonyesha mikwaruzo na mibonyeo, na kilomita. Wakaguzi hao hawamtetei muuzaji, na minada ya Japani ina kumbukumbu ya pamoja ya kulinganisha kilomita za gari lililowahi kupita mnada mwingine. Wakigundua tofauti wanaiandika kwenye fomu. Ukiona alama 改ざん karibu na kilomita, maana yake namba imechezewa. Alama 不明 maana yake kilomita halisi hazijulikani. Alama 交換 inamaanisha mita ilibadilishwa, jambo ambalo linaweza kuwa halali kabisa, lakini hapo fomu inapaswa kueleza kilomita za mita ya zamani. Wakati mwingine utakuta nyota, alama ya dola au ya reli pembeni ya namba. Hayo si mapambo. Kila mnada una maana yake, na muuzaji aulizwe.

Tatizo la fomu ya mnada ni kwamba hufika kwetu kama picha kwenye simu, na picha hurekebishwa. Tumeonyeshwa fomu ambayo tarakimu ya kwanza ya kilomita ilikuwa na weusi tofauti na za jirani yake. Kuna huduma za mtandaoni ambazo, ukilipa kiasi kidogo na kutoa namba ya chesisi, hukutafutia kumbukumbu za mnada bila kupitia kwa muuzaji. Ukizitumia, hakikisha zinahusu magari ya Japani. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani lina namba fupi ya chesisi, kwa mfano NCP60, kistari, kisha tarakimu saba. Tovuti za Kimarekani zinazodai namba ya herufi na tarakimu 17 hazitalipata, na pesa yako itakuwa imekwenda bure.

Muuzaji akikwambia karatasi za Japani "zilibaki bandarini", si lazima awe mwongo. Lakini gari halikutoka bandarini bila wakala, na wakala ana jina na simu. Mwambie mpigie simu pamoja.

Gari lililokwisha kutembea hapa

Hali ni ngumu zaidi kwa gari la mkononi ambalo limeshasajiliwa, liwe namba D au namba E. Hapa karatasi za Japani zinakupa mwanzo tu: siku gari lilipoingia lilikuwa na kilomita ngapi. Mwombe mmiliki nakala za kuingizia gari, na kama aliyeliingiza ni mtu mwingine, omba mawasiliano yake. Kuanzia hapo unahitaji alama nyingine za njiani: kadi za sevisi, risiti za oili, hata picha za zamani kwenye simu ya mmiliki. Watu hupiga picha dashibodi taa ya injini inapowaka ili wamtumie fundi. Picha ya namna hiyo ina tarehe, na mara nyingi ina kilomita.

Ukijua gereji ambako gari hupelekwa, nenda mwenyewe, bila mwenye gari na bila dalali. Fundi anayelijua gari atakwambia mambo ambayo hukuyauliza.

Fanya pia hesabu ya kawaida. Gari lililosajiliwa Japani mwaka 2008 na kuonyeshwa kwako mwaka 2024 likiwa na kilomita 52,000 limetembea wastani wa kilomita 3,250 kwa mwaka, yaani karibu 9 kwa siku, kwenda na kurudi, kwa miaka 16. Inawezekana. Japani kuna wazee wanaotumia gari kwenda sokoni na hospitali tu. Lakini gari la namna hiyo linapaswa kuja na karatasi zinazolisemea, maana dai lake ni kubwa. Upande wa pili, teksi mtandao inayozunguka Dar es Salaam kilomita 150 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, hutembea 45,000 kwa mwaka mmoja. Gari lililofanya kazi hiyo kwa miaka mitatu na bado likaonyesha 90,000 limewahi kupita kwenye mikono ya mtu.

Hapa tuna maoni yetu ambayo si kila fundi atakubaliana nayo. Tunaona wanunuzi wengi wanaiabudu namba ndogo kupita kiasi. Kilomita haihesabu saa ambazo injini ilinguruma kwenye foleni ya Mwenge au Mbagala gari likiwa limesimama. Gari lenye kilomita 130,000 za barabara kuu, lililobadilishiwa oili kwa wakati, laweza kuwa na injini nzima kuliko lenye 70,000 za foleni na oili ya kubahatisha. Kama wanunuzi tungekuwa tayari kulipia historia badala ya namba, biashara ya kushusha kilomita ingekosa soko. Wauza magari kadhaa wametuambia waziwazi: gari lenye kilomita zaidi ya 100,000 hukaa yadi miezi, lenye 80,000 linaondoka wiki hiyo hiyo.

Gari lenyewe linasema nini

Ukishaziona karatasi, au ukizikosa, liangalie gari lenyewe. Anza na sehemu ambazo mwili wa dereva hugusa kila siku: mpira wa pedali ya breki, upande wa kiti unaosuguliwa wakati wa kupanda na kushuka, usukani upande wa juu, kitasa cha gia, swichi ya kioo cha dereva. Gari la kilomita 50,000 halina sababu ya kuwa na pedali iliyolika hadi chuma. Wajanja wanalijua hilo, na mpira mpya wa pedali hauna bei. Kwa hiyo pedali mpya kabisa na kava jipya la usukani kwenye gari la miaka 15 navyo viulizwe.

Tairi zina tarehe. Ubavuni, baada ya herufi DOT, kuna tarakimu nne za mwisho: mbili za wiki na mbili za mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari la mwaka 2017 linalodai kilomita 20,000 lingeweza kabisa kuwa bado na tairi zake za kwanza. Likiwa na seti ya 2019 na nyingine ya 2022, kuna mtu amelitembeza. Tairi peke yake si ushahidi, kwani hubadilishwa pia kwa kuzeeka au kupasuka, lakini ni sababu ya kuuliza swali la pili.

Kisha tafuta stika. Angalia nguzo ya mlango wa dereva, ukingo wa mlango wenyewe, chini ya boneti, juu ya kava la injini. Wanaosafisha gari kwa ajili ya kuuza hutoa zile zinazoonekana na kusahau zilizofunikwa na vumbi. Kwenye magari yanayotumia mkanda wa taimingi, gereji za Japani hubandika karibu na injini stika yenye tarehe na kilomita za siku mkanda ulipobadilishwa, na kwa Toyota nyingi kazi hiyo hufanyika kwenye kilomita 100,000. Ukiikuta stika hiyo kwenye gari linalosema 85,000, mazungumzo yameisha. Usiitafute kwenye IST: injini yake hutumia mnyororo, na anayekwambia "mkanda umebadilishwa juzi" anakusomea hadithi ya gari jingine.

Kioo cha mbele nacho huongea. Simama nje jua likiwa limeshuka, uliangalie kwa pembeni. Vidoa vingi vidogo kama vya kuchomwa na sindano ni mchanga wa safari ndefu. Kama kioo ni kipya, uliza cha zamani kilipatwa na nini.

Mashine ya fundi

Mashine ya kusoma matatizo ya gari, ambayo sasa gereji nyingi zinayo, inaweza kusaidia. Katika magari mengi ya Ulaya kama BMW na Volkswagen, kilomita huhifadhiwa pia kwenye vifaa vingine vya kielektroniki, na anayeshusha namba ya dashibodi hukumbuka moja na kusahau nyingine. Kwa magari madogo ya Kijapani ya zamani usitegemee sana, mara nyingi namba iko sehemu moja tu. Lakini muombe fundi aangalie kitu kimoja: umbali uliotembewa tangu kumbukumbu ya matatizo ilipofutwa mara ya mwisho. Injini huuhesabu peke yake. Dashibodi ikisema kilomita 45,000 na injini ikasema imetembea 60,000 tangu ilipofutwa, moja kati ya hizo ni uongo, na injini haina sababu ya kudanganya. Umbali ukiwa mdogo haithibitishi lolote, kwani kufuta ni kubonyeza tu.

Neno moja kwa wanaoletewa magari na ndugu walioko Uingereza. Odometa za huko huhesabu maili, na maili 60,000 ni karibu kilomita 96,600. Usiilinganishe namba hiyo na ya gari la Japani kana kwamba ni kitu kimoja. Faida yake ni kwamba serikali ya Uingereza huweka wazi mtandaoni, bila malipo, historia ya ukaguzi wa kila gari pamoja na maili zilizosomwa, na kumbukumbu zake zinarudi nyuma hadi mwaka 2005 kwa sehemu kubwa ya nchi hiyo. Unachohitaji ni namba ya usajili ya huko. Magari mengi hukaguliwa kila mwaka baada ya kutimiza miaka 3, kwa hiyo utapata mfululizo kamili kwa dakika mbili.

Iandike kwenye mkataba

Mwenzetu alirudi yadi akiwa na picha ya stika. Akaomba cheti cha Japani, na baada ya kuzungushwa kwa wiki mbili akapewa nakala. Kilomita za ukaguzi wa Reiwa 4 zilikuwa 126,300. Tofauti na namba aliyouziwa ni kilomita 57,900, karibu safari 50 za Dar es Salaam hadi Mwanza. Muuzaji hakubisha. Alisema tu, "Kaka, magari yanakuja hivyo hivyo," na inawezekana hata alikuwa anasema kweli, kwa sababu kilomita zinaweza kushushwa popote kati ya bandari ya Japani na yadi ya hapa.

Kilichomponza ni karatasi yake mwenyewe. Mkataba wa mauziano ulitaja aina ya gari, chesisi, rangi na bei. Haukutaja kilomita. Sheria zipo: Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya mwaka 2012. Lakini mbele ya baraza au mahakama utatakiwa kuonyesha uliahidiwa nini, na tangazo la mdomo la dalali halishikiki.

Kwa hiyo mnapokaa kwa wakili, omba mstari mmoja uongezwe: kilomita zinazosomeka siku ya kuuziana, na kauli ya muuzaji kwamba kwa kadiri anavyojua hizo ndizo halisi, au kwamba hajui. Piga picha dashibodi siku hiyo hiyo. Hifadhi tangazo la mtandaoni kabla halijafutwa. Muuzaji mwaminifu asiyejua ataandika kwamba hajui, na bei mtaijadili mkiwa mnajua mnachozungumza. Anayekataa kuandika chochote huku akiapa kwa mdomo, mwachie gari lake.

Mwishowe yadi ilimpa mwenzetu tairi nne mpya, na yeye akachoka kufuatilia. Alibadilisha plagi zote, ambazo alikuwa akiamini bado zina maisha ya kilomita 30,000, pamoja na oili ya gia boksi. Kisha alibandika kipande cha gundi ya karatasi juu ya dashibodi na kuandika kwa peni: +57,900. Kila alipokwenda sevisi alijumlisha.

Mwaka huu aliamua kuliuza. Baadhi yetu tulimshauri atoe kile kipande kwanza, na wengine tukanyamaza, jambo ambalo halina tofauti kubwa. Hakukitoa. Mnunuzi wa kwanza alikiona, akauliza, akaondoka. Wa pili alitaka apunguziwe hadi karibu nusu. Wa tatu, dereva wa teksi mtandao, alisoma cheti cha Japani na kadi za sevisi huku akijumlisha kwenye simu yake, akatoa bei ambayo ilikuwa chini kidogo ya bei ya IST nyingine za mwaka huo. Waliandikishana kwa wakili Kariakoo, kilomita zote mbili zikiwa kwenye mkataba, ya dashibodi na ya kweli.

Kipande cha gundi aliondoka nacho kikiwa bado kwenye dashibodi.